Kadi ya send-off imetoka bila jina la mama yetu, na kamati inasema "ndio utaratibu". Utaratibu wa nani?

Wakuu, habari za jioni. Nimekasirika na sitazunguka.

Mdogo wangu wa kike anaagwa mwezi ujao hapa Dar. Kadi zimetoka kwa mchapaji, karatasi nzito, nakshi za dhahabu pembeni. Nafungua nasoma: "Familia ya Marehemu Mzee (jina la baba, ukoo wake na kijiji chake) inayo furaha kukualika Bw./Bi./Dkt./Familia ya ………… katika sherehe ya kumuaga binti yao mpendwa." Nikageuza nyuma, nikasoma ukurasa wa ndani, nikasoma ratiba. Mama yetu mzazi, aliye hai na mzima wa afya, ambaye bibi harusi atatokea nyumbani kwake, hayumo.

Na msiniambie walisahau. Kadi za mchango zilitangulia, na huko mama yumo. Chini kabisa, penye "tuma mchango wako kwa", kuna namba yake ya simu na jina lake kamili, herufi zote, ili asije mtu akakosea kutuma. Kwa hiyo kamati inalijua jina lake. Limefaa pa kupokelea pesa, pa kukaribishia wageni limekataa kukaa.

Baba alifariki mdogo wangu akiwa darasa la pili. Tangu hapo kila karatasi ya maisha ya huyu binti, palipoandikwa "mzazi au mlezi", pana jina na saini ya mama: kujiunga sekondari, fomu za mkopo wa chuo, karatasi za hospitali alipofanyiwa upasuaji. Hata upande wa pili, watu ambao mwanzoni hata hawakutujua, washenga wao walipoleta barua ya posa bahasha ilikuwa na jina la mama. Wageni walijua wamwandikie nani. Sisi wenye mtoto ndio tumemfuta.

Nimempigia baba mdogo, mwenyekiti wa kamati. Kwa heshima, shikamoo na yote. Akasema kadi ya ukoo huandikwa kwa jina la mwanamume, na mama "ameshaingia humo kwenye neno familia". Mhazini akaongeza kwamba sampuli iliwekwa kwenye grupu usiku, ikaulizwa kama kuna marekebisho, hakuna aliyejibu. Kumbe sampuli yenyewe ni kadi ya harusi nyingine ambayo mchapaji alikuwa nayo kwenye kompyuta, akabadilisha majina na tarehe. Maneno yanayotuwakilisha mbele ya watu 300 yameokotwa hivyo! Mama aliiona, akanyamaza. Nilipomuuliza akasema, "Acha mwanangu, wasije wakasema nataka makuu." Mjane anaogopa kuonekana anataka makuu kwa kutajwa kwenye shughuli ya mtoto aliyemzaa. Hapo ndipo usingizi uliniruka.

Wanaoleta hoja ya mila na sheria, twende taratibu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 17, ilisema binti aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya baba, na kama baba amefariki, ridhaa ya mama. (Ndicho kifungu ambacho, pamoja na cha 13, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Ugomvi ule ulihusu umri, na ulikuwa wa haki kabisa.) Ninachotaka mwone ni hiki: hata sheria ya zamani namna ile, baba akiondoka ilimtazama mama kwanza, haikurukia kwa baba mdogo. Na ndugu zangu Waislamu, najua walii, yaani anayemwozesha binti, huwa mwanamume. Sawa, hilo silibishii. Lakini walii ni wa akdi. Kadi haifungishi ndoa, kadi inaita watu.

Tena tatizo halianzii kwa wajane. Angalieni kadi mlizonazo kabatini: "Bw. na Bi." halafu jina la mume, la kwanza hadi la mwisho. Mama wa mtoto ni "Bi." basi, herufi mbili na nukta. Rafiki zake wa kwaya, wa kikoba, wa kazini wanapewa kadi ambayo hawaoni jina la mtu wanayemjua.

Rangi, single au double, watoto waje wasije, hayo siyagombanii hata kidogo, kamati iamue. Ninachotaka ni mistari mitatu ya juu iandikwe hivi: "Mama (jina lake kamili), pamoja na familia ya Marehemu Mzee (jina la baba), wanayo furaha kukualika katika sherehe ya kumuaga binti yao mpendwa." Baba anabaki na heshima yake yote. Aliye hai ndiye anayekaribisha, kwa sababu ndiye atakayesimama mlangoni kupokea watu. Na kama wazazi wote wapo, "Mzee fulani na Mama fulani", kila mmoja kwa jina lake. Kama wameachana, kila mmoja mstari wake. Kama binti kalelewa na bibi, bibi aandikwe. Nafasi ipo, kadi ni kubwa kuliko sahani.

Baba mdogo anasema kuchapa upya ni hasara na itaonekana tumegombana. Gharama nalipa mimi, nimeshamwambia. Boksi la kadi liko kwangu na hakuna itakayotoka humu ndani kwenda kwa mgeni. Anayemjua mchapaji hapa Dar anayeweza kutoa kadi 300 kabla wiki hii haijaisha, aweke bei yake hapa chini, na wale mliowahi kubadilishiwa maneno ya kadi na kamati semeni mlifanyaje.