Yule bwana wa duka la dawa za mifugo: choo cha mbwa wangu kakitupa kwenye ndoo ya taka bila hata kufungua kifuniko!

BintiMikindani

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Jina simtaji. Mtu yeyote wa Mtwara mjini nikisema "yule wa koti jeupe na ndala" keshamjua. Yule ambaye kuku akiumwa dawa ni OTC (ile sindano ya antibiotiki, oksitetrasaiklini), mbuzi akiumwa ni OTC, ng'ombe akijikwaa ni OTC. Siku atakayoletewa pikipiki mbovu ataidunga OTC kwenye tairi.

Kakitupa. Hakukifungua. Kakishika kwa vidole viwili, akanyoosha mkono, akakiachia ndani ya ndoo yenye mifuko mitupu ya salfa, ile dawa ya kupuliza mikorosho. Mbele ya watu!

Kwa wasiojua: mimi ndiye mwenye Mshale, yule mbwa mrefu mwembamba wa miguu mirefu mnayemuona alfajiri barabara ya Shangani. Ni greihaundi. Alikuwa mbwa wa mashindano ya mbio huko Ireland, masikioni mpaka leo ana herufi walizomchora kwa wino. Alipostaafishwa mbio akachukuliwa na mzungu mmoja, mzungu akaja naye huku kwenye mambo ya gesi, mkataba ukaisha, mzungu akapanda ndege, mbwa akabaki kwangu. Nimempokea kwa moyo wangu wote na sijutii.

Tatizo ni tumbo. Tangu nimchukue tumbo la huyu mbwa halijatulia. Usiku linanguruma mpaka nalisikia nikiwa chumba cha pili. Asubuhi anakwenda chini ya mkorosho, anakunja mgongo, kinatoka kigumu kidogo, halafu laini, halafu cha mwisho ni maji yenye kamasi na michirizi ya damu. Akimaliza anakula majani. Kisha anabaki pale pale anajikamua na hakuna kinachotoka. Ukimuona utalia.

Nimeacha kumpa maziwa. Nimeacha dagaa. Mifupa ya kupikwa haigusi, ile inavunjika vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo. Nampikia wali na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, bila chumvi, bila kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, mjue hilo), na chakula kipya nakichanganya kidogo kidogo na cha zamani kwa wiki nzima ili tumbo lizoee. Dawa ya minyoo nimempa. Anapona, ananenepa kidogo, tunafurahi, halafu baada ya wiki chache kamasi zinarudi.

Ndiyo maana nikataka choo chake kipimwe. Kipimwe tu! Kiangaliwe kwenye hadubini kama ni safura (minyoo inayonyonya damu utumboni) au ni kitu kingine. Nimeamka alfajiri, nimekichukua kikiwa bado kibichi, nimekitia kwenye kopo safi lenye kifuniko, nimelizungushia barafu, nimepanda bajaji nimelipakata mapajani, Mshale miguuni kwangu, mpaka dukani kwa huyo bwana. Si ameandika ukutani kwake kwa rangi nyekundu kwamba anatoa "ushauri na vipimo"?

Duka limejaa, si mnajua msimu huu wa kupuliza mikorosho. Namwambia taratibu, kwa adabu, kaka naomba unipimie hiki. Analiinua kopo juu kila mtu alione. Anasema: "Dada, hapa tunauza dawa, hatununui mavi."

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akashindwa kusimama, akaketi juu ya mfuko wa salfa.

Halafu ndiyo akakitupa. Bila kufungua!

Hajaishia hapo. Kamtazama Mshale, kazihesabu mbavu kwa kidole, katangaza: "Huyu haumwi, ana njaa. Mpe ugali ashibe." Mimi! Mbwa wangu ana njaa! Kuku ninaowachemsha kwa ajili ya huyu mbwa wangetosha kulisha arobaini ya ukoo mzima! Wakuu, greihaundi ndivyo alivyoumbwa. Hana mafuta mwilini, mbavu mbili tatu za nyuma zikionekana ndiyo afya yake. Ni mbwa anayekaribia kilomita 70 kwa saa akifyatuka, kitambi akiweke wapi?

Na wakati anasema hayo mkono mwingine unavuta sindano. Ya nini? OTC! Nikamzuia. Akanidai elfu tano ya "kumwangalia mgonjwa". Kamwangalia kwa macho, jamani. Macho ambayo hata mimi ninayo.

Sijalipa na silipi. Lakini kinachoniuma siyo elfu tano. Kakitupa. Angefungua tu. Angenusa basi. Kakitupa!

---

Kangomba_Mstaafu

Nimesoma mpaka katikati nikidhani ni choo cha mtoto, machozi yananilengalenga. Kumbe MBWA?

Mwanahawa wa Chuno

Dada pole sana, namjua huyo. Mimi aliniuzia chanjo ya kideri aliyoipanga dirishani inapigwa jua kuanzia asubuhi. Nikachanja kuku wote, nikakaa nasubiri. Wakafa kwa zamu, tetea kwanza, jogoo mwisho. Nikarudi kumuuliza, akaniambia "hao walikuwa wamepanga kufa".

BintiMikindani

@Mwanahawa wa Chuno unaona?? Ndiyo lugha yake! Na anaongea kwa sauti ili foleni yote isikie. Na mimi kaniinulia kopo juu, kaniinulia juu!

Chikongola Boy

Mbwa anakula wali kuku kila siku halafu anaharisha. Mimi nakula muhogo na maji na tumbo langu ni chuma. Nileteeni huyo mzungu mwingine anichukue mimi.

BajajiNamba7

Subiri kwanza. Wewe ni yule dada wa leo asubuhi mwenye mbwa mrefu? Ulikuwa umepakata kopo la barafu? Dada, mimi nilikuuliza umebeba nini ukasema SAMPULI. Nikadhani sampuli ya pweza. Tumepiga matuta yote yale kopo limeegemea mgongo wangu!!

Kangomba_Mstaafu

@BajajiNamba7 hahahaha nimeanguka kitini

BintiMikindani

@BajajiNamba7 lilikuwa na kifuniko na mfuko juu yake, hakikumwagika hata tone. Mimi nimekitunza njia nzima, yeye kakitunza sekunde ngapi? Moja! Kisha ndooni!

Mwanafunzi_Mifugo_Moro

Dada BintiMikindani, mimi nasoma udaktari wa mifugo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro) na nyumbani ni Masasi. Ulifanya sawa kabisa, usikubali kuvunjwa moyo. Unayoyasimulia, kupona kisha kurudi baada ya wiki chache, yanafanana na safura ya mbwa. Dawa inaua minyoo iliyokomaa utumboni, lakini viluwiluwi vingine vinakuwa vimelala kwenye misuli ambako dawa nyingi hazivifikii. Utumbo ukishakuwa mtupu, vinaamka na kushuka kuchukua nafasi. Ndiyo maana dozi moja haitoshi, inarudiwa kila baada ya wiki mbili tatu. Greihaundi wa mbio wanajulikana kwa tatizo hili kwa sababu wanalelewa wengi pamoja kwenye mabanda na viwanja vya mchanga, na huko Marekani imeonekana safura ambayo dawa kadhaa za kawaida haziiui tena. Halafu okota choo chake kila siku, usikiache mchangani. Mayai yanaanguliwa kwenye udongo wenye joto na unyevu, viluwiluwi vinamwingia tena kupitia ngozi ya miguu. Na watoto wanaocheza peku hapo wanaweza kupata ile michoro inayowasha inayotambaa chini ya ngozi.

Lakini inaweza isiwe safura. Giadia, kijidudu cha utumboni, nayo inaleta kamasi, na haionekani kila siku kwenye choo, kwa hiyo huchukuliwa sampuli ya siku 3 tofauti. Na kuna mbwa ambao tatizo ni chakula chenyewe, wengine hawapatani na kuku huyo huyo unayemchemshia. Peleka maabara ya serikali ya veterinari, TVLA, wana kituo hapo hapo Mtwara. Na wakimpima damu, waambie ni greihaundi. Damu yao ni nzito kuliko ya mbwa wengine na chembe sahani zao (zile za kugandisha damu) ni chache kwa asili, mtu asiyejua atadhani ni ugonjwa.

Mzee wa Nyangao

Maelezo marefu. Zamani mbwa alikula pumba na alikamata nguruwe pori. Siku hizi mbwa anapimwa damu na sisi tunasubiri zahanati mpaka jua linazama.

BintiMikindani

@Mwanafunzi_Mifugo_Moro mdogo wangu Mungu akubariki. Umeongea kwa dakika mbili nimeelewa kuliko miaka yote ya lile koti jeupe. Kesho alfajiri nakwenda maabara na kopo jipya. Lakini niambie wewe kama mtaalamu: mtu aliyesomea kazi anaweza KUTUPA sampuli bila kuifungua?

Mwanafunzi_Mifugo_Moro

Hapana dada. Hata kuitazama rangi na kamasi kwa macho tayari ni kipimo cha kwanza.

BintiMikindani

MMESIKIA? Kuitazama tu! Kwa macho! Macho anayodai elfu tano!

Ustaadhi_Mpole

Dada yangu, wanyama wana haki ya kutunzwa na kumtibu ni jambo jema, nakuunga mkono. Ila umsogeze nje, wenye duka na wateja wengine wana udhu zao. Huenda bwana yule alikasirikia mate ya mbwa.

BintiMikindani

Ustaadhi nakuheshimu. Mshale alikuwa amesimama barazani nje, kamba nimeishika mkononi. Ni yeye bwana aliyetoka kumfuata na kumhesabu mbavu. Na kopo lilikuwa limefungwa.

LindiKwetu

Nyie wa Mtwara mnadeka. Mna duka, mna mtu wa kuwatupia sampuli. Huku kwetu mbuzi akivimba tumbo tunapiga simu, tunaambiwa "mtaalamu yuko semina". Mbuzi wangu kaumwa, kafa, kaliwa, ngozi imekauka, mtaalamu bado yuko semina.

Skoya Finest

@LindiKwetu nyamaza wewe, Lindi mbuzi wenyewe wanalala barabarani

LindiKwetu

Bora walale barabarani kuna lami. Njia ya kwenu ikinyesha mbuzi anavuka kwa mtumbwi.

Mkorosho_Mkavu

Samahani niulize, dada umesema duka lilikuwa limejaa watu wa salfa. Ina maana salfa ipo? Anauzaje mfuko?

BintiMikindani

Sikuuliza bei, nilikuwa nadhalilishwa.

Mkorosho_Mkavu

Sawa pole. Lakini ni ya unga au ya maji?

Tandahimba_1

Ya unga nilipita jana nikaiona. Mimi ya ruzuku nimekosa kabisa. Nimeandikishwa, nimepigwa picha, nimepimwa shamba, siku ya kugawa jina halimo kwenye daftari. Jirani yangu mwenye mikorosho mitatu na mwembe mmoja kapata. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, umeshatua kwenye maua, nasikia uchungu hata kwenda shambani.

Mkorosho_Mkavu

@Tandahimba_1 na mimi vilevile! Nikauliza, nikaambiwa "mfumo umekuruka". Mfumo una miguu?

Kangomba_Mstaafu

Halafu mkiuza kangomba (korosho kwa walanguzi, nje ya mnada) mnaitwa wahujumu. Mtu hana hela ya dawa mwezi wa sita, kangomba anakuja na fedha mkononi, utamkataa kwa nguvu gani?

Mzee wa Nyangao

Kangomba ni mnyonyaji, usimtetee hapa. Kipimo chake ni bakuli la shemeji yake.

Kangomba_Mstaafu

Mzee, mimi nimestaafu, nasema tu hali ilivyo.

BintiMikindani

Jamani uzi huu ni wa mbwa. Kuna mtu anajua maabara wanafungua saa ngapi? Na mwenye nafasi asubuhi twende wote, nataka shahidi kwamba safari hii limefunguliwa.

BajajiNamba7

Mimi sipo.

Mwanahawa wa Chuno

Nitakusindikiza dada. Na nina kuku mmoja kabaki, ngoja nije naye.

Tandahimba_1

Nauliza tena, aliyeiona salfa ya unga leo, bado ipo au imeisha? Nitoke huku na pikipiki nisije nikafika bure.

Skoya Finest

@Tandahimba_1 ipo ila pale usinunue, mifuko imefunguliwa ikashonwa upya, haifiki kilo zake. Njoo chemba nikuelekeze kwingine.

Mkorosho_Mkavu

Na mimi nielekezeni.