Mie ni kiraka ofisini: nisome nini kazi zote ziende sawa?

Kiraka_Wete
Assalamu alaykum. Nipo Wete, Pemba, ofisi ndogo ya kununua mwani. Niliajiriwa karani wa ghala, lakini tuko wanne tu, basi kila kazi isiyo na mwenyewe ni yangu: kupima, kuandika stakabadhi, kulipa, kutafuta nafasi ya mzigo melini, kumwandikia mfadhili ripoti. Wiki iliyopita gari limeshapakiwa ndipo nikagundua magunia 11 ya mwisho sikuyaandika uzito. Tukayashusha juani, nikapima upya, na kina mama wanaongoja pesa zao wananitazama tu, hawasemi kitu. Iliniuma sana. Kiingereza nasoma, polepole. Nianze na kitabu gani?

Mzee_wa_Daftari
Waalaykumu salaam mwanangu. Vitabu vya uongozi viweke kando kwanza. Tafuta kile cha skuli cha utunzaji wa hesabu, ukifuate mpaka uingizaji wa pande mbili. Njia hii Luca Pacioli aliichapisha Venice mwaka 1494 na bado ndiyo tunayotumia. Umelipa wakulima shilingi 400,000 taslimu: fedha imepungua, mwani ghalani umeongezeka kwa thamani ile ile. Ukizoea kuziona pande zote mbili, ripoti ya mfadhili haitokutisha.

Bi_Nesi
Pole mdogo wangu. Hayo ya magunia dawa yake ni orodha. Soma The Checklist Manifesto ya Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Marekani. Anaeleza orodha ya kukagua upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, vipengele 19, iliyojaribiwa hospitali 8, moja ni ya Ifakara, hapa hapa Tanzania. Vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Wale ni mabingwa na wanasahau, seuze wewe mwenye kazi tano? Yako iwe fupi, na isomwe kwa sauti kabla gunia la kwanza halijapanda gari.

Abuu_Mkoani
Ongeza Range ya David Epstein, kitabu kinachotetea watu waliopitia mambo mengi. Anamtaja Roger Federer, aliyecheza michezo mingi kabla ya kutulia kwenye tenisi. Kazi hakitokufundisha, ila unyonge wa kujiona huna fani kitakutoa. Na hao kina mama wakalie kitako uwaulize: katika aina mbili za mwani, kwa nini cottonii inalipa zaidi ya spinosum, na kwa nini ndiyo inayokufa mwanzo maji yakipata joto. Hayo ndiyo ya kuandika kwenye ripoti.

Kiraka_Wete
Ahsanteni sana. Kadi nimeshaitundika kwenye mizani: jina, uzito, stakabadhi, idadi ya magunia. Leo tumepakia, sikurudia hata gunia moja. Kitabu cha hesabu nimeazima kwa kijana wa jirani, ila kurasa za urari, pale pande mbili zinapolinganishwa, zimechanika. Mwenye nakala nzima, hata ya Chake, naifuata mwenyewe Jumamosi.