Aliyenunua studio akishindwa kuilea, alazimike kuiachia kabla ya kuifunga?

#1 Mleta mada

Wakuu, kuna jambo limenikaa kooni tangu Agosti 31, 2023, siku Volition ilipofungwa. Hawa ndio waliotengeneza gemu ya video ya Saints Row, studio iliyodumu miaka 30.

Fuatilieni ilivyopita mikononi mwa watu. Kampuni ya gemu ya THQ iliinunua mwaka 2000. THQ ikafilisika, na mwanzoni mwa 2013 mali zake zikapigwa mnada. Volition ikaangukia kwa Koch Media, kampuni nyingine ya gemu. Miezi michache baadaye Nordic Games ikaokota masalia yaliyobaki, kisha ikalinunua hata jina la THQ na kujiita THQ Nordic. Mwaka 2018 THQ Nordic ikaimeza Koch Media, Volition ikiwemo tumboni. Mwaka 2019 ikajibatiza upya: Embracer Group. Kwa hiyo studio ilinusurika kifo cha THQ, ikaja kumalizwa na kampuni iliyowahi kuvaa jina la marehemu.

Embracer hao wa Uswidi, chini ya Lars Wingefors, walikuwa wananunua kama mtu aliyeambiwa duka linafungwa jioni. Studio ya Saber mwaka 2020 kwa hadi dola milioni 525. Studio ya Gearbox mwaka 2021 kwa hadi dola bilioni 1.3. Asmodee, ambayo hata si ya gemu za video bali ya michezo ya mezani, kwa euro bilioni 2.75. Mei 2022 wakakubaliana kuchukua studio za Crystal Dynamics na Eidos-Montréal kutoka kampuni ya Square Enix ya Japani kwa dola milioni 300. Mei 2023 wakatangaza kwamba dili la zaidi ya dola bilioni 2 walilokuwa wakilitegemea limevunjika, na hisa zikaporomoka zaidi ya asilimia 40 kwa siku moja. Mwezi uliofuata panga likaanza. Volition ikaenda, Free Radical ikafuata Desemba. Saber ikauzwa kwa dola milioni 247, Gearbox ikaenda kwa kampuni ya gemu ya Take-Two kwa dola milioni 460.

Hoja yangu: mnunuzi wa studio afungwe na sharti, la sheria au la mkataba, kwamba kabla hajaifunga aiweke wazi kwa siku 90. Wafanyakazi wenyewe au mnunuzi mwingine wapewe nafasi ya kuichukua pamoja na jina na gemu ilizozitengeneza, kwa bei itakayopangwa na mthamini huru. Mimi nasema ndiyo. Karibuni mnipinge.

#2

Napinga kutoka mwanzo. Hakuna aliyeburuzwa kutia saini. Waanzilishi walikaa mezani na mawakili wao, wakaona tarakimu, wakakubali. Ukiuza nyumba huwezi kurudi baadaye kumpangia mwenye nyumba mpya asivunje ukuta. Kama walitaka kinga hiyo wangeidai siku ya kuuza na kupunguza bei kidogo. Hawakuidai kwa sababu walitaka bei yote.

Halafu Volition unayoililia, Saints Row yao ya 2022 mliipokea vipi? Mliikejeli humu kwa wiki nzima.

#3

Mkuu #2, mfano wa nyumba haukai vizuri. Nyumba ukiinunua, wapangaji hawawi mali yako. Studio bila watu ni viti na kompyuta.

Ila niongeze kitu ambacho mleta mada amekiruka, nacho ndicho kiini. Watu wanadhani kampuni hizi zilinunua kwa sababu zilipenda gemu, zikazidiwa. Hapana, hesabu yenyewe ilikuwa ndiyo biashara. Chukua mfano wa kubuni. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa inathaminiwa mara 20 ya faida yake ya mwaka. Studio binafsi inauzwa mara 8. Studio yenye faida ya milioni 10 unaipata kwa milioni 80, na ikishaingia kwako soko linaihesabu kuwa milioni 200. Umeongeza thamani ya milioni 120 na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja wa programu. Hisa zinapanda, unatoa hisa mpya kwa bei hiyo ya juu, unanunua studio nyingine. Sehemu ya malipo unaisukuma mbele: "tutakulipa iliyobaki ukifikia malengo baada ya miaka kadhaa." Ndiyo maana bei za Saber na Gearbox zimeandikwa "hadi."

Mzunguko huo unataka mambo mawili: hisa zisishuke na mkopo usiwe ghali. Benki kuu ya Uswidi ilikuwa na riba ya sifuri hadi mapema 2022, na kufikia Septemba 2023 ilikuwa asilimia 4. Marekani nao walitoka karibu na sifuri wakavuka asilimia 5. Juu ya hapo, mauzo ya 2020 na 2021 yalipandishwa na watu kufungiwa ndani, na wakubwa wakayachukulia kama hali ya kudumu. Gemu kubwa inataka miaka minne, mitano, wakati mwingine zaidi. Deni halina subira hiyo.

Kwa hiyo studio nyingi zilizofungwa hazikupimwa kwa kazi yake. Zilikuwa upande wa gharama pale mzunguko uliposimama.

#4

Mimi nimekaa ndani ya studio iliyonunuliwa, jina lake silitaji. Nilikuwa kwenye timu ya kujaribu gemu kabla haijatoka.

Siku ya tangazo tulipewa fulana zenye nembo mpya na tukaambiwa hakuna kitakachobadilika. Kwa miezi sita kweli hakikubadilika kitu, isipokuwa ripoti. Kwanza ya mwezi, kisha ya wiki, kisha mtu akaajiriwa kazi yake ikiwa kuandika ripoti kuhusu ripoti. Baadaye mradi wetu ukaongezewa watu 40 kwa mpigo kwa sababu makao makuu yalitaka utoke kabla ya mwisho wa mwaka wa fedha. Ukichelewa, kila mwezi ni mishahara ya watu 40 ambao sisi hatukuwaomba. Mwisho wa siku tukaambiwa studio yetu "haina ufanisi."

#2, waanzilishi wawili walilipwa. Sisi wengine 90 hatukukaa kwenye hiyo meza unayoisema.

#5

Na Microsoft je? Wale hawakosi hela.

#1 Mleta mada

Hapo #5 umenigusa, na umetikisa kidogo maelezo ya #3 pia. Microsoft hawakusukumwa na mkopo. Walilipa dola bilioni 7.5 kwa ZeniMax, wenye Bethesda, kisha dola bilioni 68.7 kwa kampuni ya gemu ya Activision Blizzard, dili lililofungwa Oktoba 13, 2023. Miezi mitatu baadaye, Januari 2024, wakafuta kazi 1,900. Mei wakaifunga Arkane Austin, na wakaifunga Tango Gameworks ya Japani.

Tango! Walikuwa wametoa Hi-Fi Rush Januari 2023, wachezaji na wachambuzi wakaimwagia sifa. Kama kuna studio ambayo huwezi kusema ilikufa kwa uzembe wake, ni hiyo.

Lakini tazameni kilichofuata, maana ni ushahidi wangu mkubwa. Agosti 2024 Krafton wa Korea Kusini wakaichukua Tango, pamoja na haki za Hi-Fi Rush. Kumbe mnunuzi alikuwepo. Kwa nini watu walilazimika kwanza kusoma kwamba kazi yao imekufa, halafu ndiyo mnunuzi apatikane? Siku 90 zangu zingelifanya hilo bila msiba. Na hata hivyo The Evil Within, gemu iliyowatambulisha, ilibaki Microsoft.

#2

Umenisaidia, ahsante. Tango imeokolewa bila sheria yako. Na kuna mfano bora zaidi ambao hukuutaja. Mwaka 2017 Square Enix waliamua kuachana na IO Interactive ya Denmaki. Uongozi wa studio ukajinunua na ukaondoka na gemu yao ya Hitman mkononi, na hadi leo wanadunda. Studio ya Toys for Bob nao walitoka Activision mwaka 2024 wakawa huru. Hata Saber uliyoilalamikia, aliyeichukua ni kundi la mmoja wa waanzilishi wake, Matthew Karch, kwa chini ya nusu ya bei ya juu waliyowahi kuandikiwa. Soko linafanya kazi hiyo.

Sasa nikuoneshe sheria yako itakavyochezewa. Umesema "kabla ya kuifunga." Basi hawatafunga. Watafuta mradi mkubwa, wataondoa watu 80, watabakiza watano na bango mlangoni, na studio itakuwa "hai" kwenye karatasi miaka mitatu. Siku 90 zako hazitaanza kuhesabiwa kamwe. Utakuwa umewapa njia ya kuua polepole, ambayo kwa mfanyakazi ni mbaya kuliko kufungwa waziwazi na kulipwa stahiki zake.

#6

#2 kwenye hilo la bango mlangoni uko sahihi kuliko unavyotaka kuwa. Ila orodha yako ya waliookoka ina kasoro: unawahesabu waliotoka kwenye maji tu. Westwood, waliotengeneza Command & Conquer, walinunuliwa na kampuni kubwa ya gemu ya EA mwaka 1998 na kufikia 2003 hawapo. Studio ya Bullfrog nao walinunuliwa na EA, na hawapo. Studio ya Pandemic nao EA iliwanunua 2008, wakafungwa 2009. Nao soko liliwafanyia kazi?

Upande wa pili, mleta mada usitufanye tuamini kila ununuzi ni uchawi. Sony waliinunua studio ya Insomniac mwaka 2019 kwa dola milioni 229, bei ambayo ukiiweka karibu na hizi nyingine inachekesha, na studio imeendelea kutoa kazi nzuri. Tofauti ni kwamba walikuwa wameshafanya kazi pamoja miaka mingi kabla ya kuoana. Sony haohao wakanunua studio ya Bungie kwa dola bilioni 3.6, na watu wakapunguzwa 2023, tena 220 mwaka 2024. Na Firewalk: wakainunua 2023, gemu yake ya Concord ikatoka Agosti 23, 2024, ikazimwa Septemba 6. Wiki mbili! Oktoba studio ikafungwa. Hao ukiwatangaza siku 90, nani angepiga hodi?

#5

Concord sikuwahi hata kuiona dukani, hahaha.

#7

Mnabishana kana kwamba wasimamizi wa soko hawawezi kuweka sharti kwenye ununuzi. Wanaweza. Uingereza walilizuia dili la Activision Aprili 2023 kwa hofu ya gemu zinazochezwa moja kwa moja kupitia intaneti. Microsoft wakarudi na mpango mwingine, haki hizo zikapewa kampuni ya gemu ya Ubisoft, ndipo wakaruhusiwa. Kampuni yenye nguvu kiasi hicho iliinama. Ila tazameni sharti lilimlinda nani: mchezaji na ushindani. Aliyetengeneza gemu hakuwemo kwenye hesabu. Marekani, tume ya biashara ya serikali kuu ililalamika mahakamani Februari 2024 kwamba zile kazi 1,900 zilizofutwa hazilingani na ahadi ya kuiacha Activision isimame kivyake. Wakati huo dili lilikuwa limeshafungwa.

Na kama mnadhani haya ni historia, Septemba 2025 ilitangazwa kwamba EA inanunuliwa kwa dola bilioni 55 na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, pamoja na kampuni za uwekezaji za Silver Lake na Affinity Partners. Katika hizo, bilioni 20 ni mkopo. #3, riba ya mkopo huo inalipwa na nani?

#3

Italipwa na EA yenyewe, kwa mapato ya gemu zake. Ununuzi wa aina hii deni hubebeshwa aliyenunuliwa. Gemu za mpira za kila mwaka zitalipa bila shida. Mimi naogopa kwa studio ambayo gemu yake inatoka mara moja kwa miaka sita.

#1 Mleta mada

Nakubali kushindwa sehemu moja. Hoja ya #2 ya watu watano na bango imeniharibia usingizi. Siku 90 kama nilivyoziandika haziwezi kusimama.

Kwa hiyo nabadili. Tuache studio kama jengo na jina. Sharti lianze watu wakipungua, si mlango ukifungwa: mnunuzi akiondoa zaidi ya nusu ya watu aliowakuta, ndani ya miaka mitano tangu kununua, waliotengeneza gemu wapate haki ya kwanza ya kununua gemu ambazo mwenye nazo hazifanyii kazi. Sisemi wapewe bure. Hofu yangu si mkubwa kupata hasara. Hasara ni yake. Kinachoniuma ni gemu kufungiwa kabatini na mtu asiyeitengeneza, huku walioitengeneza wakisubiri simu.

#2

Afadhali. Bado utapata mtu wa kuondoa asilimia 49. Na "hazifanyii kazi" itathibitishwaje? Ataajiri wawili wachore michoro, aseme inaendelea. Lakini hii angalau ningeisoma ikiwa mkataba, siyo sheria.

#4

Niwape kisa kimoja kabla sijatoka. Gemu yetu ilijengwa juu ya injini, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, ya kwetu wenyewe, ya zamani, ambayo watu watatu tu ndio waliijua. Wote watatu waliondolewa siku moja pamoja nasi. Mwaka mmoja baadaye wenye mali wakataka kuitoa tena gemu hiyo kwa mashine mpya. Wana haki zote, wana faili zote, na haifunguki. Wakampigia mmoja wao aje kwa mkataba wa miezi mitatu.

#2

Alienda?

#4

Alienda. Kwa mara nne ya mshahara wake wa zamani, na fulana hakupewa.