Naomba ushauri: programu ya kupangia mlo wa mgonjwa wa kisukari haiujui ugali

BintiWaPwani: Assalamu alaikum ndugu wanajamvi. Baba yangu, mwenye miaka 67, ana kisukari aina ya pili. Kaka aliyeko Muscat amemletea kihisi cha sukari kinachobandikwa nyuma ya mkono kwa siku 14, pamoja na programu ya simu inayokadiria sukari itapanda kiasi gani baada ya mlo. Ugali haumo katika orodha yake, kwa hiyo juzi nilichagua polenta, chakula cha Kiitaliano cha unga wa mahindi, nikaandika gramu 300. Programu ilikadiria milimoli 9 kwa lita, lakini baada ya saa moja na nusu kihisi kilisoma 13.8. Usiku wa manane kengele ikalia kwamba sukari imeshuka hadi 3.4, nilipomtoboa baba kidole nikakuta 6.5. Je, tuendelee kukiamini, na nimbadilishie mlo kwa oti na lozi kama programu inavyoshauri?

Mlishaji: Pole kwa kuuguza, dada. Hiyo 13.8 naiamini kuliko ile 9. Polenta laini hupikwa kwa maji mengi, ilhali ugali husongwa ukakaza, hivyo kwa gramu zilezile ugali una wanga mwingi zaidi. Watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli walichapisha mwaka 2015 kazi iliyofuatilia watu 800, wakaonyesha kwamba mlo uleule hupandisha sukari kwa kiwango tofauti kwa kila mtu, na kwamba kompyuta inaweza kukibashiri. Lakini kompyuta hiyo ilifundishwa kwa milo ya watu wa huko. Kwa siku zilizobaki mpe baba sembe siku moja na dona siku ya pili, kwa kipimo kilekile na mboga ileile, kisha uandike daftarini kihisi kilichosoma. Oti usimlazimishe.

Mgonjwa_Mwenzenu: Kuhusu kengele ya usiku, mwulize mzee alilalia mkono upi. Kihisi husoma majimaji yaliyo kati ya seli, si damu yenyewe, hivyo huchelewa kwa dakika kadhaa, na kikilaliwa huweza kuonyesha sukari imeshuka wakati haijashuka. Ulifanya vyema kupima kidole. Hata hivyo, akitokwa jasho au akitetemeka, mpe sukari mara moja. Tena, kama anatumia glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) au insulini, msimpunguzie chakula kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu sukari inaweza kushuka kweli.

BintiWaPwani: Nawashukuru sana. Baba hulalia ubavu wa kushoto, na kihisi kipo mkono wa kushoto. Glibenklamidi anameza kila asubuhi, kwa hiyo kipimo cha chakula sitakigusa hadi Jumatano tutakapokwenda kliniki na daftari. Jioni hii nimepima ugali wa dona kwenye mizani, gramu 300 kamili, kwa mchicha na dagaa. Ameanza kula saa moja na dakika kumi, sukari ikiwa 7.1.