Tutu ya baleti kwa mtoto wa miaka 10, nishone ya aina gani? Na Mombasa baleti yaonwa wapi?

MamaWaTudor
Salaam aleikum jamani. Mwanangu wa kike ana miaka 10, alianza baleti mwaka jana kwa darasa moja upande wa Nyali, sasa mwalimu ametwambia mwezi wa 12 watoto watacheza mbele ya wazazi na kila mmoja aje na tutu yake, ile sketi ya neti ya kuchezea baleti. Mie nikajua tutu ni tutu, nikaenda kwa fundi nikamwonyesha picha kwa simu, ile sketi bapa kama sinia, nikalipa nusu, nlipoenda kuchukua nikakuta amenishonea gagulo la bibi harusi, neti laini imelala yote chini. Mtoto alilia na roho iliniuma sana kwa sababu si mtoto wa kuombaomba vitu. Babake naye ashasema hataki mapaja yawe wazi. Sasa nauliza, hizi tutu ziko aina ngapi na ipi yamfaa? Na kuna mahali hapa mjini naweza kumpeleka akaone watu wakubwa wakicheza, maana yeye kila kitu anaona kwa simu tu.

CherehaniMajengo
Waaleikum salaam mama, pole kwa pesa yako na pole zaidi kwa mtoto. Mie ni fundi, nshashona za shule kadhaa. Hiyo ya sinia ndio ngumu kuliko zote na fundi wa magauni akiikubali bila kuuliza swali, jua hajawahi kuishona. Ni neti ngumu tabaka 10 au zaidi, la chini kabisa fupi kama vidole viwili, kila linalofuata larefuka kidogo mpaka la juu, na zote zashonwa kwenye chupi yake, si kwenye mkanda. Halafu katikati yapita waya wa duara ndio maana yasimama, na matabaka yashikizwa kwa mkono kwa mishono milegevu, ukikaza tu yajikunja. Kuna ingine fupi vilevile lakini yainama kama kengele, haina waya. Na kuna ile ndefu, yashuka chini ya goti mpaka katikati ya muundi, neti laini matabaka machache, hiyo hata fundi wa kawaida aiweza. Usilitupe hilo gagulo! Ikiwa neti ni laini kweli, likatwe urefu, litiwe kiuno kinachobana mpaka nyongani, una tutu ndefu tayari.

Dada_Kizingo
Nakubaliana na fundi ila kabla ya kukata muulize mwalimu watacheza nini, kwa sababu tutu yafuata ngoma. Mie nlicheza miaka 8 Nairobi kabla sijarudi nyumbani. Hiyo ndefu ndio kongwe, yajulikana tangu 1832 Paris, mchezaji Marie Taglioni alipocheza baleti ya La Sylphide, msichana wa hewani, kwa hivo nguo ilitakiwa ielee kama ukungu. Baleti ya Giselle ya 1841 pia ni hiyo, wale mizimu wa wasichana waliokufa kabla ya ndoa. Ile fupi ilikuja baadaye karne hiyohiyo, hasa Urusi, mizunguko na kazi ya miguu ilipozidi ugumu, watu wakataka kuona goti na paja linafanya nini. Kwa hivo babake asione kama mtoto anapewa kitu cha daraja la pili, ndefu si ya wanaoanza, wakubwa kabisa waivaa mpaka leo.

Na kitu kimoja nakuomba sana. Neti yashika moto haraka. Emma Livry, mchezaji wa Paris, nguo yake iliwaka kwa taa ya gesi mwaka 1862 akiwa mazoezini, akafa mwaka uliofuata, na alikuwa amekataa nguo iliyotiwa dawa ya kuzuia moto kwa sababu yaikaza neti. Sisi huku twapenda kufukiza nguo udi, tafadhali tutu usiiweke juu ya chetezo hata dakika moja. Hizi za nailoni zayeyuka na kung'ang'ania ngozi.

Baba_Bamburi
Kuhusu kuona: nisikudanganye, Mombasa huwezi kuamka Jumamosi ukakata tiketi ya baleti kama unavyokata ya sinema. Anza na maonyesho ya watoto ya madarasa, waulize walimu wa Nyali wakwambie ya wenzao. Pitia Little Theatre Club uulize ratiba, ni ukumbi wa jukwaa na mtoto azoee kukaa kimya gizani. Lakini kama waweza kujinyima, mpeleke Nairobi mwisho wa mwaka, shule ya dansi ya Dance Centre Kenya hucheza The Nutcracker, baleti ya hadithi ya Krismasi, pale Kenya National Theatre, wengi jukwaani ni watoto wa Kenya. Mie nlimpeleka wangu kwa SGR, tulifika Syokimau tukaunganisha mpaka mjini, na njia nzima ya kurudi hakulala, alikuwa asimama kwa vidole kwenye korido ya behewa. Na kuna World Ballet Day, siku ya baleti duniani, makampuni makubwa ya baleti huonyesha mazoezi bure kwa intaneti, unganisha na TV aone kwa ukubwa.

MamaWaTudor
Mungu awabariki nyote. Nimempigia mwalimu, asema watacheza kipande cha Giselle, kwa hivo ni ndefu, na babake nimemsomea ya Dada_Kizingo akanyamaza kisha akauliza tiketi ya SGR ni ngapi. Fundi, nije Jumamosi na gagulo? Nipitie Biashara Street ninunue neti zaidi ama hii yatosha?

CherehaniMajengo
Usinunue kitu bado. Njoo na mtoto mwenyewe, avae leotadi yake, ile nguo ya kubana ya mazoezi, nimpime akiwa ameinua mikono juu na goti akiwa amelikunja, sio amesimama wima.