Traki 14 za kwaya kwenda CD: kiitikio kinapasuka, redio ya kanisani haisomi CD

mwimbishaji_tano:
Habari wakuu. Naomba msaada kwa kazi ya kwaya, nyimbo 9, jumla dakika 52. Imerekodiwa nyumbani, kwa kutumia programu ya Reaper, 48 kHz biti 24. Maiki moja kwa kila sauti (ya kwanza hadi ya nne), maiki mbili za jumla mbele ya kwaya, kinanda stirio (traki mbili), gitaa la solo, la rizimu na la besi, na drams maiki tatu. Shida ziko tatu:

Kiitikio kikiingia watu wote, sauti inapasuka. Nimeweka limita (kizuizi cha vilele vya sauti) kwenye masta, yaani traki kuu ambako zote hukutana, na kushusha volumu ya masta, bado inapasuka vilevile.

Sauti ya pili ikiwa peke yake ni nzuri, ila nikiwasha maiki za jumla inakuwa nyembamba kama inatoka kwenye mkebe.

CD inapiga vizuri kwenye laptopu, redio ya kanisani inaikataa. Pia nyimbo za 7, 8 na 9 ni mapambio yaliyounganishwa, nami sitaki ukimya katikati. Natanguliza shukrani.

fundi_mita:
Mkuu, tuanze na kupasuka. Kwenye Reaper limita uliyoiweka masta inafanya kazi kabla ya volumu ya masta. Ukishusha volumu unapunguza kile kilichokwisha kupondwa na limita, hukigusi kinachoingia ndani yake. Izime kabisa, piga kiitikio kizito kuliko vyote, tazama mita. Kama inapita 0, chagua traki zote 14, zishushe kwa pamoja mpaka kilele cha kiitikio hicho kikae karibu na -6 dB. Uwiano wako hautabadilika hata kidogo.

Ikiendelea kupasuka baada ya hapo, tatizo liko kwenye kurekodi. Kuza picha ya wimbi la kila traki ya waimbaji: vichwa vya mawimbi vikiwa bapa, kama vimekatwa kwa panga, maiki au kadi ya sauti ilizidiwa. Hilo haliponi kwa ekolaiza wala kompresa. Rudieni kipande hicho.

Halafu punguza msongamano chini. Waimbaji wa kike kata kila kitu chini ya 100 Hz, wa kiume chini ya 80 Hz. Kwa kwaya zetu mkono wa kushoto wa mpiga kinanda hupiga besi ileile ya gitaa, na hapo ndipo mita inapojaa bila wewe kusikia faida yoyote. Punguza kinanda 3 hadi 4 dB kwenye 200 Hz kushuka chini, umwachie mpiga besi nafasi yake.

Sauti ya pili: bonyeza kitufe cha kugeuza fezi, yaani kupindua wimbi juu chini (alama Ø), kwenye traki hiyo tu, huku maiki za jumla zikiwa wazi na mchanganyiko ukiwa mono. Ikijaa ghafla, waya wa maiki hiyo una pini 2 na 3 zilizobadilishana; acha imegeuzwa hivyo, na waya ukauchomelee upya. Isipojaa, sababu ni umbali. Sauti husafiri mita moja kwa karibu milisekunde 2.9. Kama maiki za jumla ziko mita 3 nyuma ya maiki ya karibu, sauti ileile inafika mara mbili, ya pili ikichelewa kama milisekunde 9, na masafa kadhaa yanafutana. Icheleweshe traki ya maiki ya karibu (isogeze kulia) kwa kiasi hicho, kisha rekebisha kidogo kidogo kwa sikio.

choma_taratibu:
Kwa upande wa CD: ingiza diski kwenye Windows uifungue. Ukiona majina ya nyimbo yenye WAV au MP3, umechoma CD ya data. Ukiona Track01.cda, Track02.cda, hiyo ndiyo CD ya muziki. Redio nyingi za zamani zinaijua hii ya pili tu: 44.1 kHz, biti 16, stirio, kiwango walichokiweka Philips na Sony mwaka 1980.

Fanya kazi yote kwenye 48 kHz biti 24. Badilisha mara moja tu, mwisho kabisa, na uwashe ditha (mvumo mdogo sana unaoficha makosa ya kupunguza biti) unaposhuka kwenda biti 16, la sivyo mkia wa kinanda unaozimika utasikika una chengachenga. Dari ya limita (kikomo chake cha juu) iwe -1 dB, kwa sababu kubadilisha kutoka 48 kwenda 44.1 huinua baadhi ya vilele.

Mapambio usiyatoe kama faili tatu. CD imegawanywa vipande vya 1/75 ya sekunde, sampuli 588 kila kimoja. Faili isiyoishia kwenye mpaka wa kipande hujaziwa ukimya, nawe unasikia "tik" kati ya wimbo na wimbo. Panga nyimbo zote 9 kwenye mradi mmoja, weka alama mwanzo wa kila wimbo, toa muundo wa BIN na CUE (faili moja la sauti yote na jingine la orodha ya mianzo ya nyimbo), kisha choma kwa Disc-At-Once, yaani diski nzima kwa mkupuo mmoja. Ile Track-At-Once, ya wimbo mmoja mmoja, ndiyo inayoweka sekunde mbili za ukimya.

Tumia CD-R, si CD-RW, ambayo huakisi mwanga kidogo mno kwa lenzi nyingi za zamani. Diski ifungwe kabisa ("finalize" kwenye programu ya kuchomea), kasi 16x inatosha. Stika za karatasi usibandike, zinayumbisha diski.

mwimbishaji_tano:
Ni WAV kweli, ilikuwa data. Na Ø imeijaza sauti ya pili. Bado moja: wimbo wa 4 unasikika mdogo kuliko mingine, ingawa mita zinalingana.

fundi_mita:
Mita inaonyesha vilele, na pigo moja la drams linatosha kuvifikia. Linganisha kwa sikio: sikiliza sekunde 10 za kiitikio cha kila wimbo, ukifuata sauti ya kwanza peke yake. Shusha nyimbo nane zilizozidi badala ya kusukuma wa 4. Kisha pandisha zote pamoja kwenye limita, isishushe zaidi ya 3 dB kwenye kilele. Choma moja, muipige yote kwenye redio ya kanisani, ndipo mchome nakala.