Naomba ushauri: mkanda mwembamba wa kupitisha chini ya saa

Wakuu, habari za leo. Nina Seiko 5 SNK809, ile ya milimita 37, na nafasi yake ya mkanda ni milimita 18. Naipenda sana, ila tangu niivishe mkanda wa nailoni wa aina ya NATO imenyanyuka mno, inakwama kwenye mkono wa shati la kazini. Sababu naiona: mkanda unapita chini ya saa mara mbili, tabaka juu ya tabaka.

Nimekata lile tabaka la pili kwa mkasi na kuchoma ncha kwa kiberiti zisifumuke. Saa imeshuka vizuri, lakini nikifungua mkanda inateleza hadi mwisho. Ngozi sitaki, kwa jasho la Dar inanuka haraka.

Kati ya nailoni ya tabaka moja na ule mkanda wa lastiki unaovutika, upi unalala chini zaidi na kukauka upesi? Na nikichukua wa unene wa milimita 1 hivi, saa itatulia au nitafute na pini nene zaidi za kushikia mkanda kwenye saa? Mwenye mkono mwembamba aliyewahi kuvaa, tafadhali anisaidie.